Pa kutazama fainali za NBA Kampala: kibanda cha Kansanga

Wapenzi wa kikapu mlioko Kampala, fainali za NBA zikija msihangaike na vifurushi vya simu. Zile za 2025, Oklahoma City Thunder na Indiana Pacers, nilizitazama kwenye kibanda cha video nyuma ya steji ya bodaboda, Kansanga. Kiingilio shilingi 2,000. Mechi nyingi zilianza saa tisa na nusu usiku kwa saa zetu, na mwenye kibanda hakuwahi kutuangusha. Umeme ukikatika, jenereta inawaka kabla watu hawajaanza kupiga miluzi.

Skrini ni safi, namba za jezi unazisoma hata ukikaa nyuma kabisa. Mechi ya kwanza, Haliburton wa Pacers alipofunga ikiwa imebaki sekunde 0.3 na timu yake ikaongoza kwa mara ya kwanza usiku ule, 111-110, mabati yalitetemeka kwa kelele! Mechi ya saba kijana huyohuyo akakatika kano ya kisigino robo ya kwanza. Baba mmoja Mkongomani pembeni yangu alishika kichwa: "Pole sana, mwanangu." Thunder wakashinda 103-91, wakatwaa ubingwa kwa mechi 4-3, na Shai Gilgeous-Alexander wao alistahili kabisa tuzo ya mchezaji bora wa fainali.

Mabenchi hayana egemeo, mgongo unauma, na spika ya kulia inakwaruza. Virekebishwe.

Rolex ya mlangoni, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, ni ya moto, mayai mawili, kabichi na nyanya za kutosha. Agizeni kabla ya mapumziko, foleni huwa ndefu.