Siklidi wa Amerika ya Kati: yupi wa kununua kwanza

Dukani wote wanafanana. Vitoto vya sentimita tatu, vya kijivu, vimejibana kwenye kona ya tangi. Ukiviangalia huwezi kujua kwamba mmoja ataishia urefu wa kiganja na jirani yake atafika urefu wa mkono kuanzia kiwiko. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa ukubwa wa samaki akishakomaa, na kwa hasira zake. Rangi wote wanazo, ukiwa na subira ya miezi kadhaa.

Siklidi ni ukoo mmoja na perege na sato. Ukimjua perege, mengi yao hayatakushangaza: wanachimba, wanagombania eneo, wanalinda mayai na vifaranga vyao. Wengi wa hawa wa Amerika ya Kati asili yao ni maji magumu yenye chokaa, kwa hiyo pH ya 7 hadi 8 na joto la nyuzi 24 hadi 28 vinawafaa bila kuhangaika na dawa za kulainisha maji.

Nunua tangi kabla ya samaki, na uangalie urefu wa sakafu yake kuliko kina. Tangi la sentimita 120 kwa 40 kwa 50 linabeba lita 240, yaani maji peke yake ni kilo 240, kabla hujaongeza kioo na mawe. Meza ya kawaida haitoshi. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake na siku moja yataporomoka.

1. Thorichthys meeki, anayeuzwa kwa jina la Firemouth. Huyu ndiye chaguo langu la kwanza, na sina shaka nalo. Asili yake ni Rasi ya Yucatán na maeneo ya jirani ya Belize na Guatemala, na dume hufika kama sentimita 15. Koo na tumbo ni vyekundu kama kaa la moto. Mpinzani akisogea, dume hufungua vifuniko vya mashavu hadi kichwa kinaonekana mara mbili ya ukubwa wake, na lile doa jeusi kwenye kila kifuniko linakuwa kama jicho kubwa linalokukodolea. Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani damu itamwagika. Mara nyingi hakuna kitu: ni vitisho vitupu, mwenzake anageuka na kwenda zake. Ndiyo maana usimchanganye na siklidi wagomvi wa kweli, maana hao hawatishiki. Jozi moja inakaa vizuri kwenye lita 200. Mpe mchanga laini, kwa sababu huuchota kwa mdomo na kuuchekecha akitafuta chakula.

2. Archocentrus multispinosus, yule wa upinde wa mvua. Mpole kuliko wote hapa, wa manjano ya dhahabu, na hubadili sura kulingana na hali yake: asubuhi ana madoa meusi ubavuni, jioni karibu yamefifia. Hula mwani pia. Lita 150 zinatosha jozi. Angekuwa wa kwanza kama angekuwa na ule mchezo wa mashavu.

3. Amatitlania nigrofasciata, Convict, mwenye milia myeusi kama sare za wafungwa wa zamani. Mdogo, mgumu kufa, na bei yake kwa kawaida ni ya chini. Tatizo lake ni uzazi. Niliwahi kuuziwa wawili nikiambiwa wote ni madume. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta samaki wengine wote wamebanana juu, nyuma ya hita, na mapezi yao yamechanika. Ndani ya chungu kilicholala chini kulikuwa na mayai. Jibu lilikuwa tumboni mwa mmoja wao tangu dukani: jike ndiye mwenye magamba ya rangi ya shaba, dume hana. Ukitaka kuona samaki wakilea watoto, hakuna mwalimu bora. Ila wape tangi lao wenyewe, na uwe na mpango wa vifaranga.

4. Trichromis salvini. Kwa rangi tu angeongoza: manjano, mstari mweusi, buluu inayometameta na wekundu tumboni. Lakini ana roho mbaya kupita umbo lake la sentimita 15. Awe ununuzi wako wa pili au wa tatu.

5. Rocio octofasciata, Jack Dempsey, aliyepewa jina la bondia aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Vidoa vya buluu juu ya mwili mweusi, sentimita 20 au zaidi, lita 250 kwenda juu. Wale wa buluu tupu wanavutia sana, lakini ni dhaifu na hukua polepole.

Parachromis managuensis na Amphilophus labiatus, wote wa maziwa ya Nikaragua, nimewaacha nje. Ni wazuri mno, lakini wa kwanza huvuka sentimita 40. Samaki wa namna hiyo humwekei tangi sebuleni, unampa sebule.

Hita na kichujio viwashwe wiki kadhaa kabla, ili bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wapate kuzaliana. Ukitaka jozi, nunua vitoto sita, viache vichaguane vyenyewe, kisha uwatafutie wengine makao.

Siku ya kuchagua, mkwepe mwenye tumbo lililobonyea, anayehema haraka, au anayetoa kinyesi cheupe kama uzi. Kitoto kinachong'aa rangi zote kikiwa na sentimita tatu nacho kitilie shaka: huenda kimelishwa homoni, na rangi hiyo itafifia nyumbani. Halafu mwombe muuzaji awalishe ukiwa umesimama pale pale. Asiyekimbilia chakula, mwache dukani.