Kengele ya sumaku ya mlangoni kwa mtu mzima anayetembea usingizini: miezi minane ya kuitumia Lamu

Kengele ninayoizungumzia ni ndogo, haizidi urefu wa kidole cha kati, na nimeinunua katika duka la vifaa vya umeme kwenye Usita wa Mui kwa shilingi 700, pakiti moja ikiwa na kengele mbili. Haina jina la kampuni ninayoitambua, na picha iliyo juu ya pakiti inaonyesha mwizi aliyejifunika uso akichungulia dirishani. Muuza duka aliniuliza kwa huruma kama nimevunjiwa nyumba. Nilimjibu kwamba mwizi ninayemwekea mtego ni mimi mwenyewe, naye akadhani ninafanya mzaha.

Mimi ni mwalimu, nina umri wa miaka arobaini na moja, na ninatembea usingizini. Nilipokuwa mtoto hali hii ilikuwapo, na mama alikuwa akinifunga kamba ya mguu kwenye tendegu la kitanda, njia ambayo simshauri mtu yeyote aifuate, kwa sababu zaidi ya mara moja niliamka nikiwa nimeanguka kifudifudi. Nilipobaleghe ikakoma, nikaisahau kabisa, mpaka iliporudi miaka miwili iliyopita. Kilichonipeleka dukani ni tukio la mwezi wa Rajabu. Mzee mmoja anayelinda mashua alinikuta usiku ukingoni mwa gati nimevaa kikoi, sina viatu, nimeshika ndoo ya chooni, macho wazi. Aliniita kwa Kiamu, “Mwalimu, ndoo!” yaani njoo, nami nikanyoosha mkono nikamkabidhi ndoo. Kesho yake alisimulia mwenyewe barazani, “Nimemwambia ndoo, akanipa ndoo,” na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Mke wangu hakucheka, kwa kuwa pale nilipokuwa nimesimama hapana kizuizi chochote, na usiku ule maji yalikuwa yamekupwa na chini yake ni mawe matupu.

Kabla sijaeleza ubora na kasoro za kengele hii, inafaa nieleze kidogo maradhi yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama kifaa cha aina hii kina faida. Daktari aliyenipima alinifahamisha kwamba mtu hutembea akiwa katika usingizi ulio mzito kuliko wote, si ule wa ndoto, na kwamba usingizi huo hukolea zaidi katika theluthi ya kwanza ya usiku. Sehemu ya ubongo huamka, ile inayoendesha miguu na mikono, na sehemu inayopima mambo na kuyaweka katika kumbukumbu hubaki imelala. Ndiyo maana mimi ninayelala saa nne na nusu hutoka kitandani baina ya saa tano na nusu na saa saba, na asubuhi sikumbuki lolote. Aliniondolea pia aibu, kwa kunieleza kwamba tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2016 zilikadiria kuwa katika muda wa mwaka mmoja hali hii huwapata watoto wapatao asilimia 5 na watu wazima asilimia 1.5. Ukiihesabu hesabu hiyo katika mji wa majumba yaliyobanana kama huu wetu, siwezi kuwa peke yangu mtaani.

Kengele yenyewe ina vipande viwili. Kile kirefu kina betri, spika na swichi ndogo mno ambayo hutii sumaku, na kile kifupi ni sumaku tu. Unabandika kimoja kwenye ubao wa mlango na kingine kwenye fremu, vikabiliane. Mlango ukifungwa vipande hukaribiana na kengele hunyamaza, na ukifunguliwa hutengana na kengele hulia. Haihitaji waya wala intaneti wala umeme wa nyumba, na hili la mwisho nalihesabu kuwa sifa kubwa, kwa sababu umeme unapokatika usiku ndipo mtu anapokuwa katika hatari zaidi kwenye ngazi.

Shida ilianza tulipotaka kuifunga. Aliyeibuni alikuwa na mawazo ya nyumba zenye milango iliyonyooka na kuta laini. Nyumba yetu iko Mkomani, ni ya mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, na mlango wake mkuu ni wa mbao mbili zinazofunguka kwa ndani, na mfaa, ule mti wa kusimama, katikati. Selotepu ya pande mbili iliyokuja na pakiti ilishika siku mbili, kisha ikabanduka na ganda la chokaa. Upande wa mlango haikushika kabisa, kwa sababu ubao wa zamani una mafuta yaliyopakwa na vizazi. Tena pengo lililopo baina ya mlango na fremu lilitosha kupitisha kidole, ilhali sumaku hii ikizidi kama sentimita moja na nusu haina nguvu tena, basi kengele ikawa inalia mlango ukiwa umefungwa. Nilimwita fundi seremala, akachonga vijiti viwili vya mbao vya kuziba tofauti hiyo, akavikaza kwa skrubu upande usio na nakshi, na kunitoza shilingi 300. Masika yalipoingia na ubao kuvimba ilibidi arudi kupunguza kimoja. Kwa hivyo anayeishi katika nyumba ya kale ahesabu bei ya fundi pamoja na bei ya duka, na asithubutu kutoboa mlango wa nakshi kwa ajili ya kifaa cha mia tatu na hamsini.

Kuna swichi ubavuni yenye nafasi tatu: kuzima, king'ora na kengele ya hodi. Pakiti inajigamba kwamba king'ora kina nguvu ya desibeli 90, nami sina sababu ya kubisha. Usiku wa kwanza kililia saa tisa, wala si kwa ajili yangu. Mama mkwe, ambaye huamka kwa ajili ya tahajudi, alifungua mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani, akachukue udhu, na mlio ulipomvamia akapiga shahada kwa sauti, punda wa jirani akapokea, na nuru zikawaka katika nyumba tatu. Asubuhi aliniambia kwa upole, “Mwanangu, kitu hiki ni cha kunituliza mimi au cha kunizika?” Tangu hapo yeye ndiye aliyekabidhiwa kukizima akiamka, na kwa kuwa saa zangu za hatari huwa zimekwisha pita, hatujapata hasara.

Usiku wa nne kililia kwa ajili yangu. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo, kwa sababu maelezo ya pakiti hayamfikirii mtu wa hali yangu. Niliamshwa na king'ora nikiwa nimesimama kizani, mkono wangu juu ya komeo, moyo ukinipiga kama ngoma, na mbele yangu mtu ambaye kwa muda wa kama dakika moja sikumjua. Nilimsukuma. Alikuwa mke wangu, akagonga bega ukutani. Watu wetu husema kwamba anayetembea usingizini akiamshwa ghafla hufa au hurukwa na akili. Hilo si kweli, lakini ni kweli kwamba huamka amechanganyikiwa na anaweza kumdhuru aliye karibu bila kukusudia. Tangu siku ile tumeiweka swichi kwenye kengele ya hodi, ambayo hutoa sauti mbili laini kila mlango unapofunguliwa. Sauti hiyo hainiamshi mimi, na ndivyo inavyotakiwa. Humwamsha mke wangu, akaja, akanishika kiwiko bila kunibana, akasema kwa sauti ya kawaida, “Turudi, baba watoto, hakujakucha bado,” nami hugeuka nikamfuata mpaka kitandani kama ng'ombe aliyefundishwa. Haya ninayaandika kwa kusimuliwa. Faida yote ya kifaa hiki, kwa mwenye hali yangu, imo katika ile nafasi ya tatu ya swichi, ambayo pakiti imeitaja kwa mstari mmoja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusifunge mlango kwa komeo tukalala. Tulifunga. Mikono yangu inalijua komeo lile tangu ujana na hulifungua bila kunitaka shauri. Kufuli na ufunguo uliofichwa tulivifikiria tukavikataa kwa kuogopa moto, kwa sababu nyumba yenye mlango mmoja wa kutokea na watu wanane ndani haifai kufungwa kwa namna ambayo wenyewe hawawezi kutoka upesi. Tulichofanya ni kuongeza kia, yaani komeo la pili, juu kabisa ya mlango, mahali ambapo mikono yangu haina mazoea napo, na hadi leo sijakifungua nikiwa nimelala. Kengele ya pili ya pakiti iko kwenye mlango wa ngazi ya darini. Hiyo ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa ukuta wa kule juu haunifiki kiunoni. Zamani wakati wa joto la kaskazi tulikuwa tukilala darini kwa ajili ya upepo. Siku hizi watoto hupanda, mimi nabaki chini na feni.

Nina daftari ambalo daktari alinitaka niliandike. Katika miezi minane, tangu Shaabani hadi mwisho wa Mfungo Sita, kengele imelia kwa ajili yangu mara tisa. Nne kati ya hizo zilikuwa katika Ramadhani, wakati usingizi wangu ulipokatwa vipande baina ya tarawehe na daku, na mbili katika juma la Maulidi, tulipokuwa na wageni na kulala saa nane. Hesabu hiyo imenifundisha kuliko nilivyofundishwa kwa maneno kwamba kukosa usingizi ndiko kunakoniamsha miguu. Jambo jingine nililolazimika kulikiri mbele ya daktari ni vidonge vya usingizi ambavyo rafiki alinigawia kwa nia njema, vya zolpidem. Daktari alinieleza kwamba mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hiyo na nyingine mbili za kundi lake ziwekewe onyo kali kuliko yote, kwa sababu wapo waliozimeza wakatoka kitandani wakatembea, wakapika, hata wakaendesha gari, bila kujua. Nimeziacha. Aliuliza pia kama ninakoroma na kukata pumzi, kwa kuwa hilo nalo huchochea, na mke wangu akajibu kabla yangu.

Kwa majuma matatu tulijaribu njia ya kuamshwa kwa saa, yaani mke wangu aniamshe kidogo robo saa kabla ya wakati ambao huwa natoka, kisha nilale tena. Katika majuma hayo sikutembea hata mara moja. Tuliiacha kwa sababu yeye alikuwa akienda kazini na macho mekundu. Shangazi yangu aliniletea kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, kutoka kwa shekhe wake, nikalinywa, na sina neno baya la kulisema.

Kasoro kubwa ya kengele hii baada ya ile ya selotepu ni hewa yetu ya chumvi. Kila kipande hutumia betri tatu za saa, na katika mwezi wa tano wa kuitumia kengele ya darini ilinyamaza bila kutoa ishara yoyote ya kuishiwa. Tuligundua kwa bahati, mtoto alipopanda kuanua nguo. Ndani vile vibati vinavyogusa betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Niliusafisha kwa pamba yenye tone la siki, nikakausha vizuri, nikaweka betri mpya, ikalia. Sasa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini naijaribu kwa kufungua mlango. Kifaa cha usalama kinachokufa kimyakimya hakistahili nyota tano, na kwa hilo pekee nimekipa tatu na nusu.

Anayeishi peke yake nisingemshauri ategemee sauti ya hodi, kwa kuwa hapana wa kuisikia. Mke wangu alipokwenda Faza kwa arusi ya ndugu yake ilibidi binamu yangu aje kulala msana, yaani ukumbi wa ndani, na hata yeye usiku wa pili hakuisikia, ila kia cha juu kiliniweka ndani.

Pakiti ya pili nilimpelekea dada yangu Malindi. Iliteremshwa kwa boti mpaka Mokowe, ikapanda basi, ikafika jioni. Maradhi haya hufuata damu, na mwanawe wa miaka tisa ameanza kukutwa sebuleni akiongea na ukuta. Nyumba yake ni mpya, milango imenyooka, selotepu imeshika bila fundi. Alinipigia simu juzi saa sita usiku kunijulisha kwamba imelia, mtoto amesharudi kulala, na kuniuliza betri zile zinauzwa wapi.