Upasuaji wa kupunguza uzito: uzoefu wangu nikiwa Malindi

Tangu nirudi nyumbani, akina mama wa hapa Malindi wananiuliza, wengine kwa simu, wengine wakinivuta kando tukiwa arusini: ile operesheni ya tumbo inafaa? Kwangu imefaa, na leo ningekubali tena kulazwa. Ila huduma yenyewe ina mazuri na ina kasoro.

Nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI (kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu) 46. Kisukari ninacho, presha ninayo, na usiku nilikoroma mpaka pumzi inakatika, mume wangu anaamka kunitikisa. Wali nilishauacha, ufukweni nilitembea kila alfajiri. Nilipungua, kisha kilo zikarudi na nyongeza. Daktari akanieleza kwamba mwili ukishazoea unene huutetea: ukijinyima, homoni za njaa hupanda, na chakula kinachochomwa mwilini hupungua. Unene uliokithiri ni maradhi, akasema, na upasuaji ni tiba yake mojawapo. Miaka yote nilikuwa naambiwa nifunge mdomo tu. Siku ile nililia mbele yake.

Si kila mnene anafanyiwa. Kwa muda mrefu kigezo kilikuwa BMI 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii walishusha: 35 hata bila maradhi mengine, na kwa mwenye kisukari wanaupendekeza kuanzia 30.

Hospitali ni ya binafsi, Nairobi. Sifa yao kubwa ni kwamba hawakunikimbiza kwenye kisu. Nilionwa na mtaalamu wa lishe, mshauri nasaha na daktari wa moyo, nikapigwa picha ya ini na nyongo, nikaingizwa kamera tumboni. Operesheni zinazofanywa sana ni mbili. Katika ya kwanza hukatwa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba kama ndizi. Katika ya pili hutengwa kijifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, na sehemu kubwa ya tumbo ikarukwa. Kwa kuwa nina kiungulia kikali, na ile ya kwanza huweza kukizidisha, nilishauriwa ya pili. Nikapewa pia chakula cha wanga kidogo kabla ya kulazwa, ili ini linywee na daktari apate kuona vizuri.

Nilipasuliwa kwa matundu madogo, na jioni ile ile wauguzi wakanisimamisha nitembee, wakinidunga sindano za kuzuia damu isigande. Vifo ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa mia, lakini mshono kuvuja kunatokea, na walinitajia kabla sijatia saini. Hilo nawashukuru.

Kazi kubwa ilinisubiri nyumbani. Kwanza vitu vya maji tu, halafu vya kusaga, halafu vilaini. Karatasi niliyopewa ilijaa brokoli na mtindi wa aina ambayo sijawahi kuiona sokoni kwetu. Nikampigia mtaalamu wa lishe, tukaipanga upya: mchuzi wa changu uliochujwa, mbaazi zilizopondwa bila tui zito, yai laini. Sasa nakula kwenye kisahani cha kikombe cha chai. Samaki kwanza, mboga, kisha wali kama tonge mbili. Sinia nimeliacha, kwa sababu ukila na wenzako hujui umefika wapi. Maji nayanywa mbali na chakula, kidogo kidogo kutwa nzima.

Sukari ndiyo adui. Kwenye maulidi nilipewa sharubati ya ukwaju. Haikupita nusu saa moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, tumbo likasokota. Wifi yangu alinilaza chumbani kwake huku akinipepea na kawa. Sukari inaporushwa haraka kwenye utumbo, mwili hushtuka hivyo.

Nywele zilinyonyoka miezi ya mwanzo, zikaota tena. Vitamini, chuma na kalsiamu ni za maisha, na B12 naipata kwa sindano. Dawa za maumivu kama Brufen na diclofenac zimepigwa marufuku kwangu maana huleta vidonda pale penye mshono, na humu mitaani zinauzwa kama pipi. Mwenye chemisti wangu nimeshamwambia. Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga kwa kuhofia kukaukiwa maji, nikalipa baadaye.

Leo nina kilo 81. Insulini imeondolewa, presha natumia kidonge kimoja, na kukoroma kumeisha. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea, na jirani mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa.

Kasoro zao sasa. Bei niliyoambiwa haikuwa na vipimo, wala dawa za kwenda nazo nyumbani, wala kliniki za baadaye. Bili iliruka, na bima ilikataa kulipa ikisema ni urembo. Tena kila kliniki walitaka nifunge safari ya Nairobi. Nilibishana nao mpaka wakakubali nitoe damu hapa hapa Malindi, nitume majibu kwa simu, niende kwao tu inapobidi.

Kwa hiyo dada, kabla hujalipa hata arbuni, taka bei ya kila kitu kwa maandishi, pamoja na vipimo vya mwaka wa kwanza. Uliza daktari huyo anafanya operesheni ngapi kwa mwaka. Na kama bado unataka kuzaa, waambie mapema: hutakiwi kushika mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya operesheni.