Bima ya W&I baada ya kununua kampuni: walilipa, ila hesabu ilitutoa jasho

Niko kitengo cha fedha cha kampuni ya Nairobi iliyomnunua msambazaji wa vifaa vya hospitali. Waliouza ni familia, na walikataa katakata kubaki na deni lolote wakishalipwa. Ndipo broka akatuletea bima ya hakikisho na fidia, W&I kama wanavyoiita wenyewe. Muuzaji akihakikisha jambo kwenye mkataba wa mauziano na likaja kuonekana si kweli, mnunuzi anadai kwa bima. Bima nayo haimgeukii muuzaji, isipokuwa alidanganya kwa makusudi.

Sheria ya Kenya hairuhusu kukata bima kwa kampuni ya nje isiyosajiliwa hapa bila idhini, kwa hiyo mkataba wa bima ulitolewa na kampuni ya bima ya Nairobi huku sehemu kubwa ya mzigo ikibebwa na kampuni za bima za London. Ada sikuinung'unikia. Kilichonichosha ni kwamba kila swali letu lilipitia Nairobi, likaenda London, likarudi na maswali mengine.

Dai letu lilihusu hospitali moja, mteja mkubwa kuliko wote. Muuzaji alihakikisha kwamba hakuna mteja mkubwa aliyetoa notisi ya kuondoka wala kupunguza oda. Tulipohamishia barua pepe za mauzo kwenye mfumo wetu, mhasibu akakuta ujumbe wa afisa ununuzi wa hospitali hiyo, wa tarehe ya kabla ya mkataba kusainiwa, ukisema oda zinahamia kwingine. Tulitoa taarifa mara moja bila kungoja hesabu ikamilike. Mkataba wa bima unadai hivyo, na ukichelewa unawapa sababu ya kubisha.

Swali lao la kwanza halikumhusu muuzaji. Lilituhusu sisi: je, mlijua? Jambo ambalo timu ya mnunuzi ililijua kabla ya kununua halilipwi, na viongozi wetu walikuwa wamesaini tamko kwamba hawajui kasoro yoyote. Wakataka ripoti za ukaguzi, barua pepe zetu, na nyaraka zote ambazo muuzaji alituwekea mtandaoni. Wakili wetu alikuwa na flashi yenye nakala ya nyaraka hizo kama zilivyokuwa siku ya kusaini. Alitafuta jina la hospitali humo: mkataba, orodha ya bei, ankara. Notisi haikuwemo. Mjadala wa nani alijua ukaishia hapo.

Halafu pesa, na hapa ndipo muda mwingi ulikwenda. Bei tuliyolipa ilikuwa faida ya mwaka mara sita, kwa hiyo kwa kila shilingi ya faida iliyopotea sisi tulikuwa tumetoa sita. Wao wakasema mteja angeweza kuondoka kwa notisi ya miezi mitatu, basi hasara ni faida ya miezi mitatu. Kilichotubeba ni jedwali tulilopangia bei: hospitali ilikuwa na mstari wake peke yake, na mstari huo ulizidishwa kwa sita kama mingine. Tulikubaliana katikati, karibu zaidi na upande wetu, wakakata ekses tuliyopaswa kujibebea wenyewe.

Baadaye KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nao wakaja na madai ya kodi ya miaka ya nyuma ya kampuni tuliyoinunua. Pingamizi lazima liwasilishwe ndani ya siku 30, na bima ilitaka kuridhia kila neno kabla hatujalipeleka. Ridhaa ilifika tukiwa tumebanwa kabisa. Huo ni uzembe, na sitauremba.

Nawapa nyota tatu na nusu. Nitawatumia tena, na kwa ununuzi unaofuata nimeshamwambia broka mambo mawili: asikubali kifungu kinachozuia hasara kukokotolewa kwa kuzidisha faida, na apate kwa maandishi siku ambazo bima itajibu jambo lolote la KRA. Hilo la kwanza wamelikubali. La pili bado wanavutana.