Tulivyompeleka Mama kuona Nutcracker New York

Tiketi za Nutcracker, ile ballet ya Krismasi, nilizinunua mara mbili. Mara ya kwanza niliingia mkenge kwa walanguzi wa mtandaoni: bei niliyoonyeshwa mwanzo siyo niliyokatwa mwishoni, na viti vyenyewe vitano vimetapakaa safu tatu. Nani atamwacha mtoto wa miaka 6 akae gizani na watu asiowajua? Nikaziuza kwa hasara, nikanunua upya moja kwa moja kwa wenye ukumbi. Anzeni huko, msipite kwingine.

Ukumbi ni David H. Koch Theater pale Lincoln Center, na wachezaji ni New York City Ballet. Wanaicheza kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka mwaka mpya unapoingia. Toleo lao lilitungwa na George Balanchine mwaka 1954, ila muziki ni wa zamani zaidi, wa Tchaikovsky, uliopigwa wote mara ya kwanza, pamoja na ballet yake, St. Petersburg, Urusi, Desemba 1892. Tulishuka treni namba 1 kituo cha mtaa wa 66, watu watano: mimi, baba watoto, wanangu wawili, na mama yangu aliyekuja kutoka Tanga, amevaa koti langu la baridi juu ya baibui, analalamika kwamba hata mifupa inasikia upepo.

Viti vyetu vilikuwa ghorofa ya nne, katikati. Nilikuwa na aibu kidogo kumpandisha mtu mzima huko juu. Sasa nasema hivi: hata nikipata hela nyingi, nitarudi kulekule. Sababu nitaieleza.

Sehemu ya kwanza ni karamu ya Krismasi nyumbani kwa binti aitwaye Marie. Watoto wanaocheza ni watoto kweli, wanafunzi wa School of American Ballet, wanakimbizana miguuni mwa wakubwa, wanagombania zawadi, na babu na bibi wa nyumba nao wanainuka kucheza. Mama akaninong'oneza, "Hii si arusi ya kwa shangazi yako Pangani?" Mzee mmoja wa ajabu anamletea Marie mwanasesere wa mbao, askari mwenye mataya ya kuvunjia kokwa. Kaka mtu anamvunja. Mwanangu wa kiume akaangalia pembeni kama anayejijua.

Wageni wakishaondoka, Marie anashuka peke yake usiku kumwangalia mwanasesere wake, usingizi unampitia kwenye kochi. Mama yake anakuja na taa, anamfunika shali, anaondoka. Hakuna miruko wala mizunguko, fidla moja tu inalia. Mama yangu alikuwa na darubini niliyomnunulia, hakuishusha.

Halafu mti. Mti wa Krismasi unaanza kukua kutoka futi 12 mpaka 41, tani nzima ya mti, na muziki unapanda nao mpaka unahisi paa litatoboka. Mwanangu mdogo alihamia mapajani mwangu bila kuomba ruhusa. Panya wakaja na mfalme wao mwenye vichwa saba, Marie akamtandika kiatu.

Kisha theluji, na hapa ndipo ghorofa ya nne inapolipa. Wachezaji 16 weupe wanaingia na karatasi zinanyesha kutoka juu. Aliyekaa chini anaona sura na miguu. Sisi wa juu tuliona michoro: duara, nyota, mistari inayopitana bila kugongana, kama mtu anayetia hina mkononi. Kuna na sauti za watoto zinazoimba bila neno hata moja. Binti yangu wa miaka 9 alisahau kutafuna peremende iliyokuwa mdomoni.

Baada ya mapumziko mambo yanapoa, nisifiche. Sehemu ya pili haina kisa: Marie na mwana mfalme, ndiye yule mwanasesere aliyegeuka mtu, wameketi nchi ya peremende, wanaletewa ngoma moja baada ya nyingine, chokoleti, kahawa, chai. Mdogo akasinzia. Ngoma ya kahawa ndiyo wanayoiita ya Kiarabu, binti mmoja anajinyonganyonga polepole na vikengele vidogo vidoleni. Mama akashangaa: "Kahawa gani hiyo haina hata kashata?" Mtu aliyekulia kusikia wauza kahawa wakigonganisha vikombe jioni humdanganyi. Na kijana wa suruali ya kubana alipotokea, aliuliza kama nguo nyingine kaisahau nyumbani. Nilicheka mpaka mtu wa safu ya mbele akageuka.

Lakini msiondoke. Kuna mama mmoja, mwanamume ndiye anayemcheza, mwenye sketi ya upana wa futi 9, na chini yake wanachomoka watoto wanane. Mdogo aliamka kwa kicheko cha ukumbi mzima. Na malkia wa nchi hiyo anachezea sauti ya selesta, kinanda kinacholia kama matone ya maji kwenye glasi. Baba watoto, ambaye alisoma kila kitu kabla ya kwenda, akatuambia kwamba Tchaikovsky alikiona Paris akakiagiza kwa siri, asije mtunzi mwenzake Rimsky-Korsakov akamtangulia kukitumia.

Mwisho wake, Marie na mwana mfalme wanapanda kigari kinachovutwa na paa wa baridi, wanapaa angani, pazia linashuka. Matoleo mengine binti huamka akakuta ilikuwa ndoto. Hili haliamshi mtu.

Kwenye treni watoto walikuwa wamelala wote wawili. Mama alikaa kimya vituo vitatu vinne, kisha akanigusa.

"Yule mama aliyekuja na taa," akasema. "Kukicha atashuka, akute shali tupu."