Tepu ya umeme: kagua gundi kabla ya kuuliza bei

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: jointi ilifungwa vizuri, miezi michache baadaye tepu imebanduka na shaba iko wazi. Wengi wanalaumu wembamba. Hapana. PVC, yaani plastiki ya tepu ya kawaida, yenye unene wa milimita 0.18 inatosha kwa umeme wa nyumbani. Mbaya wenu ni gundi.

PVC kwa asili ni ngumu. Hulainishwa kwa kemikali. Kemikali ikiwa duni, huhamia taratibu kwenye gundi, hasa darini chini ya mabati yenye joto. Gundi inageuka uji, tepu inasinyaa na kuteleza, kisha vumbi na unyevu vinaganda pale na kuupa umeme njia ya kuvuja. Dukani, papasa ubavu wa roli. Ukinata vidoleni, au tabaka zimeteleza upande mmoja, rudisha.

Namba moja, na upendeleo wangu sifichi, ni Scotch Super 33+ ya kampuni ya 3M: volti 600, nyuzi 105 za Selsiasi, na gundi yake haikimbii. Temflex 1700 ya kampuni hiyohiyo inafuata, ila mwisho wake nyuzi 80. Zima meinswichi, futa mafuta kwenye waya, zungusha ukiivuta, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Mzunguko wa mwisho ulaze bila kuvuta. Ukiuvuta, ncha itajirudi na kubanduka hata gundi ikiwa nzuri.

Penye unyevunyevu, PVC peke yake haizuii maji. Chukua tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kama Scotch 23: vuta mpaka upana upungue robo, halafu funika kwa tabaka mbili za PVC ili mpira usichubuke. Karibu na hita, tumia tepu ya nyuzi za kioo yenye gundi ya silikoni, kama Scotch 69. PVC ikiungua hutoa haidrojeni kloraidi, nayo inakula shaba.

Zile za bei ya kutupa? Za kuwekea waya alama za rangi, basi. Tepu ya karatasi hunyonya unyevu, na ya alumini inapitisha umeme wenyewe.

Halafu kuna wauzaji. Roli imeandikwa 600V lakini jina la kiwanda halipo, mita hazitajwi, na bomba la karatasi la katikati linazidi kunenepa huku bei ikipanda. Ukiuliza, unajibiwa "zote ni sawa tu". Super 33+ ya milimita 19 huja na mita 20. Kwa nyingine, tazama unene wa tepu iliyozungushwa juu ya bomba hilo, usidanganywe na ukubwa wa roli.