Studio ya picha ya ghorofani, nyuma ya stendi kuu Moshi

Kama unatafuta mtu wa kukuvalisha suti ya kompyuta na kukusimamisha mbele ya maua ya bandia, usijisumbue kupanda zile ngazi. Dada wa pale hana muda na mambo hayo, na ndiyo maana nampa nyota nne.

Mimi nauza viatu vya mtumba soko la Memorial. Jirani yangu wa meza alikuwa anauza jinzi. Jioni moja tulifunika mizigo kama kawaida, akanisisitiza niwahi kesho maana anafungua belo. Alfajiri nikapigiwa simu na shemeji. Presha, walisema. Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika hata kichwa.

Msiba haukupi nafasi ya kuchagua. Picha ilitakiwa kabla ya kupanda Kibosho, ndugu mmoja akakimbilia duka fulani mjini na kitambulisho cha NIDA. Wakakata kichwa, wakakipachika kwenye suti nyeusi na tai, wakalainisha ngozi mpaka lile kovu la kwenye nyusi likapotea, kisha wakamweka mawinguni. Jamaa mwenyewe tai hakuvaa hata siku ya ndoa yake! Ndiyo picha iliyotangulia mbele ya jeneza, na ndiyo iliyobaki sebuleni kwa mama yake. Watoto wa pale walikuwa wanauliza huyu ni nani.

Baada ya arobaini nikaanza kupekua simu. Nikakuta moja anampimia mteja jinzi shingoni, anacheka pengo lote nje. Nikaenda nayo kwa huyu dada.

Akaikuza kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Kaka, hii imepita WhatsApp. Nikiitoa A4 itakuwa ukungu mtupu. Nani alipiga?"

"Mimi, kwa simu hii hii."

"Basi nitafutie ile ya kwenye kamera."

Akanifafanulia kwamba WhatsApp huibana picha ili ipite upesi, na A4 ikitakiwa itoke safi inataka kama pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha, 2480 kwa 3508. Ile niliyoichukua kwenye grupu la msiba haikufika hata nusu ya hapo. Ya asili tukaipata, akaivuta kwa waya. Siku hizi picha ya maana naituma kama faili.

Kazi yenyewe aliifanya nikiwa nimekaa pembeni yake. Turubai letu pale sokoni ni la bluu, kwa hiyo jua lilikuwa limempaka ubluu uso mzima. Akaupunguza kidogo kidogo, kila hatua ananiuliza, mpaka weusi wake ukarudi. Kovu likaonekana. Akafika mdomoni.

"Na hili pengo?"

"Liache."

"Ungesema nilizibe ningekushangaa."

Akaitoa kwenye karatasi isiyong'aa, akanionya nisiitundike panapopigwa na jua, wino utapauka. A4 ni shilingi 5,000, zile ndogo 1,000. Sikuomba punguzo, na mimi ni mtu wa Memorial.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Simu hapokei, na umeme ukikatika anafunga mlango na kuondoka bila hata karatasi ya kusema atarudi lini. Fremu zake pia ni za plastiki nyepesi, kona zinaachia. Mimi nilichongesha ya mbao kwa fundi Pasua.

Nikapanda nayo Kibosho. Mama yake aliitazama muda mrefu, nikawa najiandaa kwa kilio. Akaniuliza, "Huyo mteja alinunua?"

"Alinunua, mama. Alianza na elfu tano, mwanao akamkazia mpaka nane."

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo kwenye ndizi," akasema, na hapo tukakaa mpaka chai ya pili, yeye ananipa za utotoni, mimi nampa za sokoni. Ile ya suti bado ipo ukutani, si yangu kuiondoa.

Jumapili hafungui. Jumamosi mchana kunajaa watu wa paspoti, kwa hiyo nenda asubuhi, na beba simu ile ile iliyopiga picha.